Kobe Aliyenidai Shingo

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya mchoro wangu mwenyewe, na kosa lilikuwa la vidole viwili. Naomba msicheke mpaka nifike kwa kobe.

Kwanza mnielewe. Mimi ni Skola, naishi Ifakara na mama yangu, na nachora. Hakuna aliyenifundisha. Sichori watu wala nyumba. Natembea na simu napiga picha: matope yaliyopasuka majarubani baada ya mpunga kuvunwa, mishipa ya jani la mpapai, njia za mchwa kwenye nguzo, mikondo ya Mto Kilombero, nyumba ya konokono, gamba la kobe. Nikifika nyumbani nachukua ile mistari tu, mwenye mistari namwacha. Naipaka kwenye plaiwudi kwa rangi za mafuta zilizobaki kwenye makopo ya mafundi. Watu wakiuliza ni nini, siwaambii. Wengine wanasema vigae. Jirani yetu alisema mpira uliochanika.

Sasa mwezi huu Matroni Venansia, mkuu wa wodi ya wazazi pale kituo cha afya, aliniambia nilete mchoro mmoja auweke ukutani, pale kwenye benchi wanaposubiri wajawazito. Yaani ukutani! Mchoro wangu! Tangu nianze kuchora hakuna mtu aliyewahi kuniomba hata wa kuzibia dirisha.

Jumamosi akapita kuuona. Alisimama mbele yake, akaweka mkono kifuani.

"Skola mwanangu, mzuri," alisema. "Ila pumzi inanikwama. Mama zangu wanakaa pale na uchungu wao. Wakiutazama huu, na wao zitawakwama."

"Nibadilishe nini, Matroni?"

"Mimi nitajuaje? Kazi yangu kuzalisha. Jumatatu asubuhi napita. Nikiukuta bado hivi, narudisha bango langu la chandarua."

Jumapili nzima niliutazama ule ubao. Sikuona tatizo, kwa hiyo nikakaza. Kila mstari mweusi nikaupitia tena, nikahakikisha umerudi ulikoanzia. Mama yangu ni mshona mikeka, nimekulia magotini kwake nikimshikia ukili, na neno lake ni moja: ncha usiiache. Ukiacha ncha moja, mkeka wote unafumuka. Basi mimi siachi. Kwenye mchoro wangu hata mto nimeufunga.

Jioni mama alipita na shazia yake mkononi, ile sindano nene ya kushonea ukili. Akasimama nyuma yangu.

"Kwani hii ni nini, Skola?"

"We acha tu, mama," nilimjibu. Nikaenda kulala.

Ndotoni ni mchana. Nimekaa kwenye benchi la wodi ya wazazi, simu mkononi. Mchoro wangu uko ukutani na umenyooka vizuri. Nikataka kuona kama rangi imekauka, nikainua simu, nikaweka vidole viwili kwenye kioo na kuvitanua.

Picha haikutanuka. Ukuta ndio uliotanuka. Mchoro ulikuja ukanipita mabegani, ukapita benchi, ukapita mlango. Nilipogeuka hapakuwa na nyuma.

Nasimama kwenye tope kavu la rangi ya kahawia. Kila kipande kimezungushiwa mstari mweusi unaonifika kiunoni, mbichi, unanukia mafuta ya taa. Kuna kibao: RANGI MBICHI, USIGUSE. Mwandiko ni wangu.

Kulia kwangu bluu imekaa kwenye kipande chake. Kushoto njano kwenye chake. Wamepeana visogo.

"Hamsalimiani?" nauliza.

"Tukishikana mikono tunakuwa kijani," inasema bluu. "Halafu kwetu atabaki nani?"

Naona ni jibu la maana. Nasonga mbele.

Kwenye kipande cha katikati kuna gamba la kobe, kubwa kama banda la kuku. Hakuna kichwa, hakuna miguu. Nikaligonga kwa kucha.

"Nani huyo?" Sauti imetoka ndani, kama ya mtu aliyefunikwa ndoo.

"Skola. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Skola yupi, wa simu?"

"Ndiyo."

"Umekuja na shingo yangu?"

Nikatazama mikononi. Nina simu tu. "Shingo gani, babu?"

"Mwezi wa tatu ulinikuta jarubani, ukanipiga picha bila hata hodi. Gamba lina matundu, binti. La kichwa, la mkia, manne ya miguu. Ulipofika kwenu ukayaziba yote."

"Niliona yanaharibu mstari."

"Sawa. Nimo humu tangu mwezi wa tatu. Kuta zote nimeshazikariri, unaweza kuniuliza swali lolote."

Sikuwa na swali. Nikamwambia samahani, akasema samahani haina upana wa shingo.

Hapo simu yangu ikazungumza. "Nimebaki asilimia nne," ilisema, kwa sauti ya mtu aliyeshindia uji. "Unaruhusu nizimike?"

"Siruhusu."

"Nimeuliza kwa adabu tu."

Nyuma ya gamba kuna lile benchi la wodi, na limejaa wajawazito, kila mmoja na kadi yake. Mama mmoja mnene mwenye kitenge cha zambarau ananisogelezea nafasi. Matumbo yao yamezunguka kama nyumba ya konokono, mviringo ndani ya mviringo. Ile michirizi naijua. Nimeichora mimi.

"Namba ngapi, dada?" nikamuuliza.

"Saba. Wanaita sita tangu nifike."

"Kwani namba sita yuko wapi?"

"Mimi hapa," anasema mwenzake wa pembeni. "Mtoto amegoma kutoka. Anasema ameangalia kote, hakuna njia."

Nikainama kwenye tumbo lake. Sijui kwa nini, nilitaka tu kusikia. Sauti ndogo, ya kawaida kabisa, ikasema, "Shangazi, mlango umeweka wapi?"

Nikaipapasa ile michirizi kwa kidole, yote imefungwa.

Matroni Venansia anakuja na daftari. Leo ni konokono, na hakuna anayeshangaa, mimi wa kwanza. Alipopita sakafu inang'aa.

"Jina?"

"Skola. Si unanijua, Matroni?"

"Daftari halikujui. Umeingilia wapi?"

"Nilivuta picha kwa vidole."

"Basi tokea hukohuko."

Nikaweka vidole viwili hewani, nikavibana. Mbingu ikasinyaa kidogo, masikio yakaniuma, benchi zima likapiga kelele, "We! Unatubana!" Nikaacha.

Ndipo nikaona maji. Ya bluu, yananifika kwenye vifundo vya miguu, yanapanda polepole. Wajawazito wakainua miguu yao juu ya benchi, wote kwa pamoja, kama watu waliozoea.

Nikayafuata yanakotoka. Nikaruka mstari mmoja, wa pili, na nilipotua mguu niko uani kwetu. Mama yangu amekaa chini kwenye gunia kama siku zote, miguu ameinyoosha. Anashona. Ila mapajani hana ukili. Ana Mto Kilombero, ameukunja sehemu tatu, samaki wanachungulia kwenye mishono.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafunga ncha. Wewe ulisahau kuikaza hapa, nakusaidia."

"Maji yanajaa huko ndani!"

"Yakae tu. Maji yaliyofungwa vizuri hayana shida."

"Mama, kuna watu. Kuna watoto wameshindwa kutoka. Kuna kobe hana shingo."

"Kobe?" Akanyanyua uso. "Kuna kobe humu?"

"Lile gamba la katikati."

"Ahaa. Mimi nilijua ni vigae."

Akarudi kwenye mshono. Maji yameshanifika magotini. Nikamshika mkono wenye shazia.

"Fumua, mama. Nakuomba."

"Skola, nikifumua ncha moja unaondoka wote. Nani atalalia mkeka uliofumuka?"

"Huu si mkeka!"

Akasimamisha mkono. Akaniangalia vilevile alivyoniangalia jioni, nilipomwambia acha tu. "Haya. Kwani ni nini?"

Maji yamefika mapajani na mimi ndiyo kwanza nafikiri. Nimechora miaka mitatu na hilo swali nalikwepa kila siku. Nikaogopa kuliko nilivyoyaogopa maji.

"Mkeka unakaa," nikamwambia. "Huu... mama, huu unaenda. Ule mto ulikuwa unaenda. Mchwa walikuwa wanaenda. Hata matope yalipopasuka yalikuwa yanaenda mahali. Mimi nikavikalisha vyote kama mikeka."

Mama akafikiri. Samaki mmoja akafikiri naye.

"Ungesema mapema," alisema. Akageuza shazia. "Nifumue wapi?"

Hapo ndipo penyewe, sasa. Sijui. Nina mistari mia nne na yote nimeifunga mimi, na sikumbuki hata mmoja uliokuwa wazi. Nikafungua simu nitafute ile picha ya kobe ya mwezi wa tatu.

"Asilimia moja," ilisema simu. "Naona aibu kukwambia." Ikazimika.

"Sisi tunajua," ikasema sauti karibu na kidole changu cha mguu.

Ni sisimizi. Wamepanga foleni juu ya ule mstari mweusi mbichi, wanatembea kama hakuna kitu.

"Mmeona kibao?" nikawauliza. "Rangi mbichi."

"Hatukusoma shule," alisema wa mbele.

"Mnaijua njia tangu lini?"

"Tangu uichore. Tulikuwa tunasubiri utuulize. Wewe huulizi, wewe unapiga picha."

Basi nikauliza. "Naomba mnionyeshe."

Wakageuka wote. Wakapita katikati ya bluu na njano, wakawaambia samahani. Wakapita chini ya benchi. Walipofika kwenye gamba, wa mbele akasimama na kugonga mstari kwa kichwa chake, mara mbili.

"Hapa, mama yake Skola."

Mama anakuja na maji kiunoni, kitenge amekipandisha, shazia juu kama anavuka mto kweli. Akaitia ncha ya shazia chini ya mstari mweusi. Akavuta uzi mmoja.

Nikafumba macho nikingojea vyote vifumuke.

Havikufumuka. Mstari uliachia pale tu, upana wa vidole viwili, ukatulia. Maji yakasimama kidogo yakisikiliza, halafu yakaanza kutoka kwa foleni nyuma ya sisimizi. Bluu ilipoipita njano mikono yao ikagusana, pembeni kukawa kijani chembamba, na wote wawili bado wapo.

Kobe akatoa kichwa. Kina kope za vumbi. Akapiga chafya, akanitazama.

"Kumbe wewe ni mdogo hivi," alisema. "Nilidhani ni mtu mzima, kwa jinsi ulivyoziba."

"Namba sita!" Matroni akaita nyuma yangu. Nikasikia benchi likilia, mtu anainuka. Nikageuka nimwone huyo mtoto.

Nikaamka.

Kumekucha. Jogoo wa jirani anawika bila kupumzika. Simu iko kifuani kwangu, imezimika. Nilijiambia ndoto hiyo imeletwa na wali wa jana, niliula nikiwa nimechelewa.

Nikaenda kwenye ubao. Nikapitisha macho katikati, kwenye mstari nilioukaza jana kwa mkono wangu mwenyewe, na mstari una pengo. Dogo, upana wa vidole viwili. Rangi imekwanguliwa pale, safi, kwa kitu chenye ncha. Kutoka hapo jicho langu likatoka lenyewe. Likapita kati ya bluu na njano, likashuka pembeni, likafika kwenye kona ya chini. Kule kwenye kona kuna mstari mwingine umekwanguliwa, na baada ya hapo ubao umekwisha, na jicho langu likaendelea hadi mlangoni.

"Hodi humu!" Matroni Venansia huyo. Ana miguu miwili, nilihakikisha.

Hakuketi. Akasimama palepale alipokuwa amesimama Jumamosi, mkono tayari kifuani. Nikamwona macho yanaanza kutembea. Katikati. Pembeni. Chini. Kona. Mlango. Mkono ukashuka, akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyetua ndoo.

"Umefanya nini hapa?"

"Sijui, Matroni."

"Basi usiguse tena. Nibebee mpaka barabarani, leo nina mama sita."

Nikaubeba ubao kichwani. Mama yupo uani, amekaa kwenye gunia lake, anasugua shazia kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ncha yake ni nyeusi tii.

"Mama, hiyo rangi umeipata wapi?"

"Na mimi najiuliza. Nimeamka nimeikuta hivi." Akaendelea kusugua, macho kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeshavuka mlango aliponiita.

"Skola!"

"Bee, mama."

"Yule kobe wako," alisema. "Shingo niliyomwachia, inamtosha?"