Alama Iliyokataa Chokaa

Tegueni hiki: nimekizika mara tatu, na kila asubuhi nakikuta kimeamka kabla yangu. Jibu lake Asabi alikuwa nalo ukutani, jekundu, limelowa kana kwamba limepigwa sasa hivi.

Watu wa serikali walikuja Jumatatu na ndoo na brashi. Mtaa wote wa kando ya maji ulitakiwa upishe barabara, wakaupiga X nyumba kwa nyumba. Kwa Asabi waliipiga juu ya maandishi ya marehemu mumewe, yale ambayo wenye nyumba wa Lagos huandika ili matapeli wasiziuze nyumba zao wenyewe wakiwa safarini: NYUMBA HII HAIUZWI. Walipoondoka, Asabi akachota chokaa akafunika yote mawili kwa mpigo. Maneno ya mume yalifunikika. X ilikataa.

Jumanne akapaka tena. Jumatano akapaka rangi ya mafuta. Alhamisi akafungua mlango, ukuta mweupe pe! Akamshukuru Mungu kwa sauti. Aliporudi ndani kuwasha jiko akaiona sebuleni, kwenye ukuta uleule, upande wa pili. Tone moja lilikuwa likishuka taratibu. Asabi akatundika kalenda ya kanisa juu yake.

"Tulia hapo," akaiambia.

Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na miaka sitini na minane, na asipouza nyumba hii hakuwa na pa kulala. Fidia watu wa mtaa waliisikia tu, kama unavyosikia habari za shangazi aliye ng'ambo. Akiuza, angepata chumba Ibadan, karibu na dada yake.

Jumamosi asubuhi dalali Kasali akaleta mteja, fundi cherehani aitwaye Kokumo, mjamzito wa miezi saba, kavaa blauzi nyeupe ya lesi.

"Mama yangu, leo sikuleta mtazamaji," Kasali akasema. "Huyu akipenda, kapenda."

"Karibu mwanangu. Kaa, miguu imekuvimba."

Asabi akaanza kumweleza kasoro za nyumba, moja baada ya nyingine, mpaka Kasali akawa anamkanyaga mguu. Bati la jikoni linavuja. Masika maji huingia hadi kwenye vifundo vya miguu. Na pale uani, chini ya saruji, kalala mume wake. Anayenunua nyumba amenunua na kaburi.

"Mzee anakoroma?" Kokumo akauliza.

"Alipokuwa hai, mtaa mzima ulikoma. Sasa katulia."

"Basi hana neno. Mwanangu atakuwa na babu." Akacheka, akashika tumbo. "Mama, nimeona nyumba kumi na moja. Wewe ndiye wa kwanza kunionyesha panapovuja. Mkweli kama wewe nitampata wapi tena?"

Asabi akatazama chini. Kokumo, kwa uchovu, akaegemea ukuta, mgongo wake kwenye kalenda. Kurasa zikapepea, na upepo haukuwapo. Alipoinuka kwenda kuona chumba cha kulala, Asabi akaona X mgongoni mwake, kutoka bega hadi nyonga, nyekundu, mbichi.

"Kasali! Mgongo wake!"

"Una nini? Mweupe kama karatasi."

Asabi akafunua kalenda. Ukutani hapakuwa na kitu.

Akamfuata yule binti chumbani. Kokumo alikuwa akipima sakafu kwa hatua. "Kitanda cha mtoto hapa, karibu na dirisha." Ncha za ile alama zilikuwa zimeanza kuzunguka kiuno chake, polepole, kama mikono ya mtu anayekukumbatia kwa nyuma. Zilikuwa zinaelekea tumboni.

"Mwanangu, usinunue."

"Mama?"

"Wameipiga X. Jumatatu. Nimeifunika kwa mikono yangu hii. Watabomoa kabla ya mvua."

Zile ncha zikasimama.

"Ya bati umenieleza," Kokumo akasema. "Ya mzee umenieleza. Hii je?"

"Hizo nilikueleza ili usiulize hii."

"Ungenikabidhi funguo nije nizalie humu?"

"Ningekukabidhi."

Kokumo hakumtukana. Alichukua mkoba wake akatoka, na kila hatua mgongo wake ulizidi kuwa mweupe.

"Umejibomolea mwenyewe, bibi wee!" Kasali akafoka. "Wenzako wanauza saa hii, wala hawana haya!"

Asabi akasogea mlangoni. Ndipo alipoutazama mtaa vizuri. Kuta zote zilikuwa nyeupe, hakuna hata X moja. Katika milango mitatu madalali walikuwa wakiwatoa wateja, wakipeana mikono. Mwanamume wa agbada ya buluu, lile joho pana. Bwana na bibi harusi wapya. Mama mmoja na mapacha. Wote migongo ilikuwa imelowa wekundu, na mapacha pia, nao wakienda zao huku wakicheka.

Asabi akatoka pekupeku.

"Wewe wa agbada! Wamekwambia?"

"Asabi!" jirani yake akamkemea dirishani. "Funga domo lako! Unataka tukalale wapi?"

Asabi alijua vizuri wangelala wapi, kwa sababu ndipo atakapolala yeye. Akapaza sauti zaidi.

"Baba, nakuita wewe! Wamekwambia?"

Yule mwanamume akageuka, tabasamu bado usoni.

"Kuniambia nini, mama?"