Siti ya Balbina

Siti ya baiskeli ilikuwa imepandishwa tena. Balbina alikaa juu yake, akanyoosha mguu hadi kidole gumba, pedeli hakuipata. Jana jioni aliishusha mwenyewe, akakaza nati mpaka kiganja kikauma. Hii ilikuwa mara ya nne.

"Magoti yananigonga usukani," alisema Kasmiri, mumewe, akiwa mlangoni anatafuna muwa. "Kilabuni ni mbali, mama Eveline."

"Na mimi kazini?"

"Wewe si una miguu? Miaka yote umetembea."

Hasira ilimpanda hadi masikioni. Phoenix ile aliinunua kwa mpunga wake wa mwaka tisini na sita, magunia aliyoyavuna peke yake Kasmiri akilalamikia mgongo. Jumapili tatu alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, akaanguka, akachekwa, akainuka. Na sista msimamizi wa hosteli anakofua alishamwambia: Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu kamili, akichelewa tena, aproni atapewa mwingine. Jumatatu yenyewe ni kesho.

Aliikokota baiskeli hadi kwa Mayunga, fundi wa pale karibu na daraja la Lumemo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikatie bomba la siti, huku chini."

Mayunga alilichomoa, akalipima kwa macho. "Likiwa fupi, mama, mtu akipandisha siti itachomoka. Mzee atapandaje?"

"Sikuja kwa habari za mzee. Chukua msumeno."

Alilishika bomba mwenyewe, kwa mikono iliyokamua mashuka ya wageni miaka tisa, na halikutikisika hata kidogo. Kipande cha urefu wa kiganja kikadondoka, kingali cha moto. Akakifunga kwenye pindo la kitenge.

Alfajiri alimwandalia Kasmiri chai kama kawaida. Kando ya kikombe akaweka kile kipande cha bomba.

"Hiki nini?" Kasmiri aliuliza, macho yakiwa na usingizi.

"Magoti yako."

Alikigeuza, akachungulia ndani yake, kisha akatazama nje ilikosimama baiskeli. "Umeniharibia baiskeli yangu."

"Sema tena ya nani."

Kasmiri alikunywa chai.

Balbina alitoka, akakaa kwenye siti. Miguu yote miwili ilifika chini. Akaanza kukanyaga, na alipofika mbele ya kilabu, milango ikiwa imefungwa na njia haina mtu, alipiga kengele, akaendelea kuipiga mpaka darajani.