Yaache Yapoe

Nikimkumbuka Fanueli, mpaka leo ngumi inakunjika yenyewe. Ni yeye aliyetushauri tugawane somo kwa sauti, kana kwamba kuharisha ni wimbo wa Pasaka.

Tulikuwa wanne kwenye mafunzo ya uhudumu wa afya ya jamii pale Lushoto, wote watu wa kwaya: Janeth sauti ya kwanza, mimi ya pili, Heri ya tatu, Fanueli besi. Mambo ya kusoma yalikuwa mengi, na baridi ya Julai haikutaka mtu atoe mkono blanketini ashike daftari.

"Tuyatungie wimbo," Fanueli akasema. "Wimbo hausahauliki."

Tukaanza na dawa ya mtoto anayeharisha, ile ya pakiti yenye chumvi na sukari. Janeth: "Chemsha maji lita moja." Mimi: "Yaache, yaache yapoe." Heri: "Mimina pakiti nzima." Fanueli, kwa kuwa besi siku zote hupewa neno moja alitwange mpaka mwisho, akabaki na "koroga, koroga, koroga". Ulikuwa mtamu, jamani. Mama mwenye nyumba tuliyopanga alidhani tunajiandaa kwa mashindano ya dayosisi.

Mimi nilihitaji kufaulu kuliko wenzangu. Mama yangu kule Mlola alikwisha kutangaza kanisani na sokoni kwamba mwanawe ni dokta. Nikienda nyumbani, watu wananionyesha majipu njiani. "Dokta!" wananiita, nami najifanya naangalia migomba. Nikishindwa, kijiji kitapewa mhudumu mwingine, na mama ataficha wapi uso wake?

Siku ya mtihani tuliitwa mmoja mmoja mbele ya Mwalimu Zakia, mwanamke mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na upole wowote. Mezani alikuwa amelaza mwanasesere kwenye khanga.

"Mtoto huyu anaharisha tangu jana, Yudith. Utafanyaje?"

Nikasubiri Janeth aanze. Janeth alikuwa nje. Mstari wangu ukaja wenyewe.

"Yaache yapoe."

"Nini kipoe? Mtoto?" Mwalimu akavua miwani. "Mtoto akishapoa, hiyo si kazi yako tena, ni ya mchungaji."

Alipoingia Fanueli, tulimsikia kupitia dirisha. "Koroga, koroga." Mwalimu akamuuliza anamkoroga nani. Kisha tukasikia mwanasesere akianguka sakafuni.

Tulifeli watatu, Janeth peke yake alijua pa kuanzia, naye aliishia palepale. Jumla wanne. Tukapewa wiki moja turudie.

"Mnaimba vizuri," Mwalimu akatuambia, "lakini hamjui mnachoimba. Fungeni daftari, kila mtu akamfundishe mtu mbishi. Pale atakapokubana, hapo ndipo pa kusoma."

Mtu mbishi nilimkuta nyumbani Mlola ananisubiri. Mama alikuwa ameshanitafutia mgonjwa: Mama Idrisa, jirani yetu, mwanawe Idrisa mgongoni akiharisha tangu asubuhi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwangalia mtoto: macho hayajadidimia, ananyonya vizuri. Nikatoa pakiti mkobani, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya pili.

"Dada Yudith," akasema Mama Idrisa, "mimi nimeleta mtoto, sikuja kwaya."

Aibu ikaniondolea wimbo wote kichwani. Nikaanza upya kwa maneno ya kawaida, naye akanidaka kila hatua. Kwa nini yapoe? Utamuunguza mtoto. Kwa nini kidogo kidogo? Akinywa kwa pupa atatapika.

"Na hayo maji lita nzima ya nini, mtoto mwenyewe kiganja? Pakiti yote nikiitia kwenye kikombe kimoja, si itafanya kazi haraka?"

Hilo halikuwa kwenye wimbo. Jikoni mama alikuwa akitia chumvi kwenye mboga, nikamtazama mkono.

"Chumvi ya sufuria ya msibani," nikasema polepole, "ukiitia yote kwenye bakuli lako, utakula?"

"Thubutu!"

"Basi na mtoto hivyo hivyo. Chumvi ikizidi itamuumiza. Pakiti imepimiwa lita moja."

Mama Idrisa akacheka, akanawa mikono, akakoroga mwenyewe. Tukampa mtoto kijiko kwa kijiko, nikamwambia mama yake, mtoto akilegea au akikataa kunywa, moja kwa moja zahanati. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Kwenye marudio Mwalimu Zakia alinianzisha katikati, akanirudisha nyuma, akanipinga kusudi. Sikuimba. Nilipomaliza alimfunika mwanasesere khanga vizuri, akasema, "Huyu amepona." Fanueli naye alifaulu, kwa kumfundisha bibi yake asiyesikia vizuri; nusu ya soko la Lushoto sasa inajua kutengeneza ile dawa.

Jumamosi nikarudi Mlola. Idrisa alikuwa uani bila suruali, anafukuza kuku. Mama aliniona tokea shambani juu, akapaza sauti bonde zima lisikie.

"Doktaaa!"

Migomba ilikuwa palepale pembeni ya njia.

"Abee, mama!" nikaitika.