Mpishi wa Kombania Iliyopotea

Komedi ya Kombania Iliyopotea ilipoanza kuonyeshwa Jumapili jioni, Kyela nzima iligeuka kuwa wapelelezi. Ni hadithi ya vita vya Kagera. Mgambo wanatumwa kaskazini kupigana, dereva anashika barabara ya kusini, wanatokea Kyela, wanapiga kambi na kumsubiri adui asiyefika. Na kwa kuwa yote ilirekodiwa hapo hapo Ikolo, na waigizaji ni watu wa hapo hapo, watu hawakukaa mbele ya televisheni kucheka tu. Walikaa kukamata makosa.

"Mwaka sabini na nane hiyo bodaboda imetoka wapi?" aliuliza Angetile, mwenye sebule, akibandua ndizi ya kuchoma kwenye ganda lake.

"Imewahi," alisema jirani yake Kisa. "Na bandeji ya Kapteni ilikuwa mguu wa kushoto, saa hizi iko kulia. Kidonda kimehamia ng'ambo kama shemeji zangu walivyohamia Karonga."

Angetile alicheka. Jicho lake lilikuwa jicho la kuchambua kokoa juu ya mkeka, punje mbovu haipiti. Lakini kuna kosa moja lililomkata kicheko, na lilimhusu mwanawe Doreen, aliyeigiza mpishi wa kambi.

Sehemu za mwanzo, Doreen na Kapteni walikuwa wanagombana pua kwa pua, mwiko ukimpigapiga Kapteni kifuani. Huyo Kapteni ni mzee Zebedayo, fundi cherehani wa Ikolo. Kuanzia sehemu ya saba, hawakuonekana tena pamoja. Kapteni akiingia jikoni, mpishi hayupo, maharage yanachemka yenyewe. Kapteni anaugombeza ukuta. Siku moja lilionekana bega la mpishi, bega nene kama la mcheza ngumi, na khanga ya rangi nyingine kabisa.

"Huyo ndiye msaliti," Kisa alisema. "Wanatuficha tu. Anakwenda kumuuza Kapteni kwa adui."

"Adui gani, Kisa? Hata Mbeya hajafika."

Alijibu hivyo mdomoni, moyoni alikuwa kwingine. Msichana anayemkimbia mzee, kuna kitu anakikimbia. Doreen aliporudi nyumbani Ipinda, mama yake alimfuata jikoni.

"Mzee Zebedayo kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, mama. Ni mambo ya kamera."

Alijibu huku anakoroga sufuria, na sufuria haikuwa na kitu ndani.

Hapo wasiwasi wa Angetile ukaota mizizi. Kesho yake alipanda bodaboda mpaka Ikolo, mwavuli mkononi. Mawingu hayakuwepo.

Alimkuta mzee Zebedayo kwenye kigoda, kofia ya ukapteni kichwani. Pembeni yake alikuwepo Godwin, kijana anayeongoza kazi yote hiyo.

"Ugonile, tata," Angetile alisalimia, sauti haina sukari.

"Ndaga, Mama Doreen. Karibu vitani."

"Sijaja kucheka. Mwanangu anakukimbia. Umemfanya nini?"

Mzee alimtazama kwanza. "Hata mimi nataka kuambiwa. Nilidhani ni harufu ya kinywa, nikaacha vitunguu. Namsalimia, anapotea. Ule ukuta ninaougombeza, siku moja utanijibu."

"Na sisi tumechoka kuziba hilo tundu," Godwin aliingilia. "Sehemu ijayo mpishi anagundulika ni msaliti, anapigwa risasi, habari inaisha."

"Kwa hiyo mwenye kukimbia ndiye anayepigwa risasi," Angetile alisema, "na anayekimbiwa anabaki na kofia."

Alimkazia mzee macho, akaona mshangao tu. Lakini hata mwizi wa mbuzi anajua kushangaa. Mzee aliinuka, akakohoa, akaelekea kwenye pipa la maji karibu na jiko la mianzi. Angetile alimfuata kwa nyuma, mwavuli ameushika katikati.

Ndipo alipoona. Doreen alikuwa anatoka jikoni na sufuria. Aliposikia kile kikohozi hakukurupuka kama mtu mwenye hofu. Alitua sufuria, akavuta khanga kichwani, akapisha nyuma ya migomba, akachuchumaa uso chini mpaka kikohozi kikapita.

Magoti ya Angetile yaliuma yenyewe. Magoti hayo yalichuchumaa hivyo hivyo miaka na miaka, mpaka siku walipomzika baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba wa mumewe, wala hakai naye mahali pamoja. Akimsikia, anapisha. Na mzee wa watu tu hapishwi namna hiyo.

Alishusha mwavuli.

"Inuka, kashapita. Ana mtoto gani wa kiume?"

Doreen aliinuka polepole. "Jackson. Yule anayepeleka mchele Karonga."

"Tangu lini?"

"Tangu sehemu ya saba."

"Na nani alikuja kwangu kuniambia?"

"Bado, mama. Hata baba yake hajui. Jackson alisema tungoje kwanza biashara ikae sawa."

"Lakini kumkwepa mzee hukungoja."

"Ningefanyaje? Nimeshamkubali mwanawe. Kamera ikiwashwa, macho yanakataa."

Angetile aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Hasira ilikuwepo, lakini nafuu iliitangulia. "Umejioza kwenye televisheni, Doreen. Kyela nzima inashuhudia, na mama yako yuko sebuleni anakula ndizi."

Kisha akarudi kwa mzee, aliyekuwa ameshakaa tena kigodani.

"Tata, Jackson akirudi kutoka Karonga, mwambie atume mshenga kwangu Ipinda. Apite mlango wa mbele."

"Mshenga wa nini?"

Angetile alitazama jikoni, akamtazama mzee, akatazama jikoni tena.

Mzee Zebedayo alivua kofia ya ukapteni, akaishika kwa mikono miwili. Halafu akainuka, akageuza kigoda mpaka mgongo wake ukaelekea jikoni, akakaa anatazama mashamba ya mpunga.

"Godwin," alisema bila kugeuka. "Huyo mpishi hapigwi risasi. Tafuta msaliti mwingine."