Upepo wa Tanga

"Kina unakitaka cha namna gani?" aliuliza Leodegar, mfanyakazi wa pantoni, ameegemea chuma huku maji ya mto Kilombero yakipita chini yake, rangi ya chai ya maziwa.

"Cha mtu kuzama, akatazama, akarudi," alijibu Joshua.

"Kuzama kupo. Kutazama hakuna, maji haya hata samaki wanapapasa. Kurudi, hilo kamuulize mamba."

Abiria wakaangua kicheko. Mmoja akagonga kengele ya baiskeli yake, kri kri, kama anayempigia makofi. Joshua akacheka nao, maana mgeni asiyecheka huchekwa mara mbili. Akarudi mjini.

Kwao ni Tanga. Huko alikuwa mpiga mbizi wa bandarini, kazi yake kukwangua matumbo ya meli. Kampuni ilipofunga milango, mwaka wa tisini na tano, ilimwachia miwani, vazi la mpira na mtungi mmoja wa hewa, umejaa. Mkewe Serafina, muuguzi, akapata kazi kwao Ifakara. Mume akafuata, mtungi mgongoni kama mtoto. Sasa alikuwa akiziba pancha karibu na soko la mchele. Kila tyubu aliizamisha kwenye beseni atafute tundu, na mapovu yakipanda, mkono wake ulisahau kuliziba. Wateja wakamwita Mpiga Mbizi wa Beseni.

Mashine ya kujazia mtungi ule ilikuwa Dar es Salaam, mbali kwa treni na mbali zaidi kwa mfuko. Kwa hiyo hewa ilikuwa ya kuzama mara moja tu. Ukiwa na yai moja, hulikaangi penye giza. Joshua akawa anauliza kila mtu: wapi pana maji marefu, meupe, yasiyo na meno? Mkulima mmoja alimpeleka kwenye jaruba lake la mpunga, akamwonyesha kwa fahari maji ya magoti. "Bata wangu wanazama kabisa hapa," akasema.

Ni Ngusa, mfugaji wa Kisukuma, aliyemfumbua macho siku alipoleta tairi.

"Kule juu ya Mchombe, mto unaposhuka mlimani, kuna dimbwi. Ng'ombe wangu wakiinama kunywa, wanashtuka, wanadhani wamekutana na wenzao."

"Mamba?"

"Maji yale ni baridi, kaka. Mamba ana akili."

Mchombe ndiko alikokaa mkwewe, mama Domitila, na ulikuwa wakati wa mavuno. Joshua akadandia lori la mpunga na mtungi wake. Mama Domitila akaupokea kwa mashaka, akauzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hiki chuma kina nini ndani?"

"Hewa, mama."

"Hewa! Umesafiri na hewa kutoka Tanga? Ya hapa ina kasoro gani?"

Joshua, kwa kujisifu kidogo, akakilegeza kifungulio cha mtungi. Pssss! Khanga ya mkwewe ikapepea, kuku wakaingia uvunguni. Mama Domitila akainama, akakitazama kile kifungulio kinavyozungushwa.

Jioni alipiga kinu chake ngumi tatu, du, du, du. Ndivyo alivyoanza siku zote, kisha: "Kitendawili!" Vitendawili vyake vilikuwa vingi kuliko kuku wake, na vilivyokosa jibu ni alivyovitunga mwenyewe.

Asubuhi Joshua akaenda na Ngusa kulikagua dimbwi. Alipofika ukingoni alichuchumaa. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, na chini kabisa, kina kushinda urefu wa mti wowote aliowahi kupanda, mawe yalionekana moja moja kama mayai kwenye kiota. Hakumsubiri Ngusa, aliyekuwa akikusanya ng'ombe wa kuhama. Alirudi mbio, akiteleza kwenye kingo za majaruba, kuufuata mtungi.

Mbele ya nyumba akasikia: shwaaaaa.

Mama Domitila alikuwa amekaa juu ya turubai katikati ya mpunga. Toka alfajiri hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya, na mawingu meusi yalishakaa mlimani. Mpunga usiopetwa ukinyeshewa, mavuno yamekwisha. Sasa rundo lilikuwa safi, makapi yametanda hadi kwa jirani, naye anakifunga kile kifungulio taratibu. Mtungi alikuwa ameuvika khanga.

"Kitendawili," alisema bila kumtazama.

"Mama..."

"Sema tega, baba."

"Tega."

"Mgeni wangu wa Tanga hana mikono, amenipetea mpunga wote."

Joshua akafungua mdomo. Tusi la bandarini lilikuwa limeshafika kwenye meno, lakini mkwe hatukanwi. Akalimeza.

"Nakupa mji, mama. Nakupa Tanga yote. Umebakiza kiasi gani?"

"Sijui. Mgeni alianza kutetemeka kwa baridi, nikamfunika." Sauti ikapungua. "Nilijua ni chako. Nikaona mvua, nikawaza Serafina na nyie wote mtakula nini mwakani. Nisamehe, baba."

Joshua akafunga kipimo cha hewa. Sindano ilinyanyuka kidogo, ikalala karibu na wekundu wa hewa kuisha.

"Kinatosha nini?" mama Domitila akauliza.

"Kushuka na kupanda. Kutembea hakuna. Tena siwezi kwenda peke yangu. Lazima mtu ashike kamba juu. Ngusa ameshahama na ng'ombe, na Serafina yuko kazini."

Mama Domitila akajifunga khanga kiunoni, akasimama. "Mkono uliokula ndio utakaoshika. Twende kabla ya mvua."

Dimbwini palitokea jambo jingine. Vazi la mpira humbana mtu hata mbavu zihesabike, na mkwe havui nguo mbele ya mkwe. Mama Domitila akalimaliza: akageukia mlima, akajifunika khanga kichwani, ncha moja ya kamba akaizungusha kiganjani, nyingine akampa Joshua ajifunge.

"Nikivuta mara moja?"

"Unaniuliza kama ni mzima. Nami nitavuta mara moja. Ukivuta mara mbili, napanda. Usigeuke, mama."

"Nigeuke nione nini? Na mtu akitaka mazungumzo?"

"Chini hatuzungumzi."

"Kumbe ndiyo maana mnakupenda huko."

Joshua akauma mpira wa kupumulia, akajiachia.

Baridi ikamkamata, kisha ikamwachia. Kimya kikaja, kile alichokitafuta kwenye beseni mwaka mzima. Mawe yakapanda kumlaki. Kutoka kwenye mikanda ya mtungi, makapi ya mpunga yakachomoka, yakaelea mbele ya miwani yake yakimetameta kama dhahabu, na visamaki vidogo vikatoka chini ya mawe, kwa woga kwanza, kisha kwa fujo, vikiyadonoa hadi masikioni mwake.

Kamba ikavutwa mara moja. Akavuta mara moja.

Sindano ilikuwa ndani ya wekundu. Akashika jiwe moja jeupe, akatazama juu: uso wa maji umeng'aa, na matone ya kwanza ya mvua yanautoboa.

Kamba ikavutwa tena. Moja. Mbili. Akajiandaa kusukuma mawe kwa miguu.

Tatu.

Tatu hawakuwa wameagana. Joshua akaduwaa, makapi yakimzunguka. Halafu akakikumbuka kile kinu, akacheka, mapovu yakamtoka kwa wingi, yakapanda, yakielekea kwa mwanamke aliyekaa kwenye mvua amempa mgongo.

Akaishika kamba vizuri, akavuta: tega.