Nyanya za Ridhiwani

Ukitaka kumjua mtu wa Ilala, mwombe jambo. Hatakataa. Atakwambia "tupo pamoja", mkono atakupa, halafu siku ya siku utamtafuta kwa tochi mchana kweupe.

Sabaha, fundi cherehani, aliyajua hayo tangu utoto, ila safari hii aliamini. Wiki nzima alipiga hodi nyumba baada ya nyumba, akiomba watu waunge mkono gulio la wakulima kila Jumamosi kwenye uwanja wa mtaa. Kaka yake, Ridhiwani, alikuwa akilima nyanya Mkuranga, kwenye shamba waliloachiwa na baba yao. Akizileta Kariakoo hathubutu hata kuita mteja. Dalali anapokea, dalali anapanga bei, mwenye jasho anasimama pembeni kama mtu aliyezamia harusi ya watu. Ridhiwani alikuwa amechoka.

"Gulio lisipopita, mzigo huu ndio wa mwisho," alimwambia dada yake. "Nauza shamba."

Ansbert, mwenyekiti wa mtaa, naye aliweka sharti. Watu wakijaa kwenye mkutano wa Jumamosi, gulio linapita. Wasipojaa, uwanja unageuzwa maegesho ya magari.

Jumamosi ikafika. Viti vya plastiki vikapangwa. Ridhiwani akaegesha kirikuu, kigari chake cha mizigo, kando ya uwanja, kimejaa matenga ya nyanya yaliyofungwa kwa vipande vya kitenge cha rangi ya machungwa, mabaki ya cherehani ya Sabaha. Wakaja wazee wachache, na mmoja wao alikuwa anatafuta kivuli tu. Sabaha alitamani kulia, akatamani na kutukana. Mwenyekiti akatazama saa, akafunga mkutano.

"Dada Sabaha, usinilaumu," alisema. "Watu wako hawajaja."

Sabaha akatoka mbio mpaka kwa jirani yake, Shaima, akamkuta kibarazani anachambua mchicha bila wasiwasi.

"Shaima, si uliniambia utakuja?"

"Usinikasirikie, dada. Bi Huda ulimwambia?"

Bi Huda ndiye mwenye genge pale kona. Mtaa mzima unanunua kwake nyanya na vitunguu.

"Mama yangu alipofariki, nani alisimamia jiko la msibani?" Shaima aliendelea. "Si yeye? Leo nikanyooshe mkono ili genge lake life?"

"Sasa si ungesema!"

"Jamani, ningekukatalia vipi usoni?"

Sabaha alikwenda moja kwa moja mpaka gengeni.

"Shikamoo, Bi Huda."

"Marahaba." Mama huyo aliendelea kupanga mafungu yake bila kuinua macho. "Wiki nzima unapita hapa. Bamia umenunua, ndimu umenunua. Hodi umepiga kwa kila mtu, mpaka kwa wapangaji waliohamia juzi. Mlango wangu mimi hukuuona?"

"Nilijua utakataa. Niliona gulio litakuharibia biashara."

"Nani alikwambia? Mimi naamka kabla ya adhana kwenda kugombana na madalali Kariakoo, na magoti yenyewe ndiyo haya! Mkulima akiniletea mzigo hapa mlangoni, nikatae nini? Ungenambia tu, hao wote ningewatoa majumbani mwao."

Hasira ambayo Sabaha aliwawekea watu wa mtaa mzima ilimgeukia mwenyewe, na ilikuwa chungu zaidi. Bi Huda akajitanda kanga, wakaongozana mpaka uwanjani. Mwenyekiti alikwishaondoka. Vijana walikuwa wanachora mistari ya chokaa pa kuegesha magari. Kirikuu hakikuwepo. Sabaha akapiga simu.

"Niko Kariakoo," Ridhiwani alisema. "Dalali keshapokea. Na yule anayetaka kununua shamba nimeshamwambia aje."

Asubuhi ya pili yake Sabaha alipita gengeni. Bi Huda alikuwa anapanga nyanya mpya, nyekundu, zimeshiba.

"Karibu, mwanangu. Nimetoka nazo Kariakoo sasa hivi. Dalali kanikaba mpaka nimesalimu amri."

Chini ya meza lilikuwepo tenga tupu, na kwenye ukingo wake kilining'inia kipande cha kitenge cha rangi ya machungwa. Sabaha alikitazama, akatamani asingekuwa na macho.

"Nipe fungu moja," alisema. Akafungua pochi, akalipa.