Ishirini Kujumlisha Arobaini

Clementi alirudi kutoka maonyesho ya Sabasaba ya Dar es Salaam na vitu viwili: jembe alilotunukiwa kwa pamba yake nzuri, na karatasi yenye picha ya bunduki. Jembe hakuna aliyelitazama mara mbili. Karatasi ndiyo iliyozunguka kwa wawindaji wote wa kijiji kile cha Ujamaa, nje kidogo ya Kabasa, ikashikwa na vidole vya ugoro na vya masizi mpaka mtutu wa bunduki ukafutika. Kilichobaki wazi ni kile kidude cha juu yake.

"Hiyo ni darubini," alisema Clementi. "Nimechungulia kwa jicho langu hili. Mtu anauza karanga ng'ambo ya uwanja, mimi nahesabu vifungo vya shati lake."

"Vingapi?" aliuliza Mwikwabe.

"Vitano. Cha sita kimekatika."

Watu wakacheka, Mwikwabe hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa mwindaji wa kwanza pale, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Kwa gobore lake la kushindilia baruti, ambalo likipita hatua thelathini huna hakika nalo tena, alikuwa ameua nyati tisa. Mikia tisa ilining'inia juu ya kitanda chake, na wageni walioneshwa kabla hawajapewa maji ya kunywa. Maana kwa wawindaji wale mkia haukuwa wa aliyefyatua, ulikuwa wa aliyesogea. Na mtu akirudi nyuma mbele ya mnyama, hata hatua moja, huyo hana mkia wala mdomo wa kuuomba.

"Sasa mtu asimame mtaa wa Mukendo kule mjini, mnyama yuko mtaa wa Nyasho," alisema, "mkia ataupataga vipi?"

Clementi akashusha sauti. "Kuna jingine, mzee. Ndani ya kile kioo kuna msalaba."

"Msalaba?"

"Msalaba kabisa. Mweusi, mwembamba, umesimama katikati. Nilivyouona nikaweka bunduki chini, nikafanya ishara ya msalaba. Vijana wa banda lile walinicheka sana."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Neno lile lilitoka kwa wawindaji likaenda kisimani, likatoka kisimani likaenda kanisani, na Jumapili ilipofika kila mtu alikuwa anajua kwamba bunduki mpya ni bunduki ya waliobatizwa. Mwikwabe hakuwa amebatizwa. Aliwatambikia babu zake, nao hawajawahi kumlalamikia.

Kiangazi kile dume moja la nyati, zee na pweke, likaanza kulala ndani ya pamba. Likamrusha mama mmoja, Penina, kwenye njia ya kisimani, likamvunja mguu. Ndipo Bwana Nyama, kama walivyomwita afisa wa wanyamapori, alipofika kutoka wilayani na bunduki sawasawa na ile ya kwenye karatasi. Mkono wake mwenyewe ulikuwa kwenye plasta, pikipiki ilikuwa imemwangusha.

"Nipeni mtu mmoja," aliwaambia mkutanoni. "Akimaliza kazi hii, nitamwombea kibali. Bunduki ya kijiji ikija, itakaa kwake."

Mwikwabe alinyoosha mkono kabla sentensi haijaisha. Machage, balozi wa nyumba kumi, akamgusa bega kwa upole. "Mzee wangu, wewe hujabatizwa. Kile kioo si kitakugomea?"

Wakamchagua Clementi. Mwikwabe alirudi nyumbani akakaa chini ya mikia yake na kukataa ugali. Ilimuuma, ilimuuma kweli. Nyati tisa, halafu anawekwa kando kwa sababu ya maji ya kipajini!

Asubuhi waliondoka watu saba, naye akiwa mmoja wao, maana hakuna mkutano uliomkataza kutembea. Walilikuta dume ukingoni mwa shamba. Clementi akalala juu ya mwamba, akakigandia kile kioo kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Bunduki ikalia, ikarudi nyuma, na pete ya darubini ikampasua nyusi. Risasi ilikwenda inakojua yenyewe. Nyati akatimka, akaingia kwenye vichaka vya kijitoni.

"Jicho likae mbali na kioo, vidole vinne!" Bwana Nyama alifoka. "Nani mwingine?"

Mwikwabe alikuwa ameshaishika bunduki.

Alifanya anachokijua. Aliuweka upepo usoni, akalala kifudifudi, akasogea. Hatua mia, hamsini, thelathini. Alipokifikia kichuguu kimoja kidogo, nyati alikuwa hatua ishirini mbele yake, anacheua, sikio moja limechanika. Mwikwabe akaacha vidole vinne, akachungulia.

Weusi mtupu. Si bega, si tumbo, ni manyoya tu yaliyojaa kioo kizima kama ukungu. Akashusha bunduki, nyati yupo. Akainua, nyati hayupo.

Ilimchukua muda kuelewa, maana jambo lenyewe hakuwahi kulisikia. Alikuwa karibu mno. Ili aone, ilibidi arudi nyuma. Na kule juu ya mwamba wanaume sita walikuwa wanamtazama.

Aliwaza mikia kuliko alivyowaza pembe. Kisha akarudi, kinyumenyume, kwa tumbo, akihesabu kimoyomoyo kama alivyohesabu kila jioni kwenye kisomo cha watu wazima, kwa mwalimu Dafroza ambaye kwa umri ni mdogo kuliko kitindamimba wake. Akasikia sauti kutoka mwambani: "Mzee anarudi!" Masikio yakamwaka kwa aibu. Thelathini na tisa, arobaini. Akainua bunduki.

Nyati mzima, pembe mpaka mkia. Na juu yake mistari miwili myembamba, mmoja umesimama, mmoja umelala. Mwikwabe aliijua alama ile. Nusura acheke. Akaiweka nyuma ya bega, akafyatua.

Nyati alikwenda hatua tatu, akapiga magoti, akalala.

Wenzake walifika bila nyimbo. Machage alikuwa na kisu mkononi, hajui amkatie nani mkia. "Ulirudi nyuma, mzee. Tumeona wote."

"Nendeni pale kwenye kichuguu. Kuna alama ya kiwiko changu. Pimeni mpaka aliposimama."

Wakapima. Ishirini. Hata kwa gobore Mwikwabe hakuwahi kufika hapo.

"Kile kioo kinaonaga mbali tu," alisema, sasa kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Karibu ni kipofu. Nilikuwa ishirini, nikajumlisha arobaini. Na alama yenyewe wameiweka humohumo ndani. Clementi, mle hakuna msalaba. Ni alama ya kujumlisha! Muulize mwalimu Dafroza."

Bwana Nyama alicheka mpaka akashika plasta yake, kisha akatoa kalamu na kuuliza jina la Mwikwabe linaandikwaje. Mwikwabe akaichukua kalamu, akaliandika mwenyewe.

Clementi, kitambaa cha damu jichoni, alisogea mpaka kwenye mzoga. Halafu akamnyang'anya Machage kisu, akaukata mkia kwa mkono wake, akauleta kwa mikono miwili.

"Wa kumi, mzee."

"Tisa kujumlisha moja," alisema Mwikwabe, akaupokea.